Kuchunguza mabadiliko ya kisiasa kijijini: mwongozo kamili wa kianthropolojia kwa Nyanda za Juu Kusini

Mtu akikuambia anataka kuandika kuhusu "utandawazi na siasa Nyanda za Juu Kusini", mwulize: kisa gani? Akikosa jibu, bado hana utafiti, ana kichwa cha habari tu. Mwanaanthropolojia hatosheki na hesabu ya kura wala kauli za jukwaani. Anakaa na watu muda wa kutosha aone nani akisema anasikilizwa, nani akisimama watu wanaguna, na fedha, sheria na taarifa za kutoka mbali zinapita mikononi mwa nani kabla hazijamfikia mkulima.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa chuo, mwandishi wa habari wa mkoani, afisa wa shirika, au mstaafu mwenye udadisi na daftari. Mifano ni ya huku huku: Rungwe, Mbarali, Iringa, mpakani. Tenga msimu mzima wa kilimo ukiweza. Anayekuja wiki mbili ataondoka na yale ambayo viongozi huwasimulia wageni wote.

1. Anza na mgogoro

Mwaka 1938 mwanaanthropolojia Max Gluckman alihudhuria uzinduzi wa daraja huko Zululand, Afrika Kusini. Hakuketi kueleza "mila za Wazulu". Aliandika nani alifika na nani, nani alikaa ng'ambo ipi ya mto, wapi walikunywa chai na wapi bia. Kutokana na siku hiyo moja alionyesha jinsi Wazulu na Wazungu walivyogawanyika na bado wakawa ndani ya mfumo mmoja wa utawala, wakitegemeana. Baadaye aliongoza Taasisi ya Rhodes-Livingstone, ya utafiti wa jamii, ng'ambo ya Tunduma, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Mkurugenzi wa kwanza wa taasisi hiyo, Godfrey Wilson, alikuwa ametokea kwetu: yeye na mkewe Monica waliwachunguza Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938. Kwa hiyo mbinu ya kufuatilia kisa hadi mwisho wake si ngeni sana katika ukanda huu.

Kisa kizuri kina sifa chache. Kimeshaanza lakini hakijaisha. Kina pande zaidi ya mbili. Na kina uzi unaotoka nje ya wilaya: mnunuzi wa kigeni, mpaka wa hifadhi, sharti la mfadhili, bei inayopangwa kwingine. Kikundi cha parachichi kilichogawanyika Rungwe kinafaa. Ugomvi wa lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo) kwenye viazi unafaa. Eneo la kijiji ambalo mtu wa kutoka mjini anasema alishauziwa linafaa mno, ila hapo nenda taratibu.

Usichague uchaguzi wenyewe kuwa kisa chako cha kwanza. Wakati wa kampeni kila mtu anajilinda, na wewe na daftari lako utapewa chama hata kama huna. Fika kabla au baada. Uchaguzi utausikia tu kwenye mazungumzo ya mambo mengine.

2. Vibali, na unachojifunza ukivifuatilia

Utafiti rasmi huanzia kwenye kibali cha COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia), au barua ya chuo chako kama wewe ni mwanafunzi wa ndani. Kutoka hapo barua inashuka: Katibu Tawala wa Mkoa, Katibu Tawala wa Wilaya, Mkurugenzi wa Halmashauri, Mtendaji wa Kata, Mtendaji wa Kijiji, kisha unatambulishwa kwa mwenyekiti. Wengi huiona safari hii kama adha. Iandike. Kila ofisi itakuuliza swali lake, na maswali hayo yanaonyesha serikali inaogopa nini mwaka huu. Kama Mtendaji wa Kata atakwambia "hapa kwangu hakuna shida, ila kile kijiji cha juu usiende," umeshapewa kidokezo kabla hujaanza.

Ukiingia kijijini mara ya kwanza ndani ya gari la halmashauri, utahesabiwa mtu wa halmashauri hadi siku unaondoka. Panda hiace, malizia na bodaboda.

Nani anauliza swali ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Iringa ilikuwa mahali pa jaribio: mwanaanthropolojia Gordon Brown na afisa wa wilaya Bruce Hutt walifanya kazi pamoja, afisa akitoa maswali ya kiutawala na mwanaanthropolojia akiyatafutia majibu kwa Wahehe. Walipata mengi ya maana. Lakini maswali yalikuwa ya serikali ya kikoloni, na yasiyoihusu serikali hiyo hayakuwa na mwenye kuyauliza. Kama leo unalipwa na shirika la parachichi au la uhifadhi, jiulize ni swali gani halimo kwenye hadidu zako za rejea.

3. Jua wenye ofisi, kisha wenye sauti

Wenye ofisi ni rahisi kuwajua kwa sababu sheria imewapanga. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa watu wazima wote. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25. Vitongoji vina wenyeviti wao. Mtendaji ni mwajiriwa, hachaguliwi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, lakini haiwezi kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu. Soma sheria hizi mbili kabla ya kwenda. Utashangaa ni mara ngapi mjumbe aliyekaa miaka mitano hajawahi kuzifungua, na mara ngapi bibi mmoja wa kitongojini anazijua kifungu kwa kifungu.

Wenye sauti ni kazi nyingine. Utemi na uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, ila nenda Rungwe msibani uone familia ya malafyale, chifu wa Kinyakyusa, inakaa wapi. Balozi wa nyumba kumi ni mtu wa chama tangu vyama vingi viliporudi 1992, lakini ugomvi wa mume na mke bado unaanzia kwake. Kuna mchungaji wa Moravian au wa KKKT. Kuna wakala wa mnunuzi, kiongozi wa kijiwe cha bodaboda, mwekahazina wa VICOBA, na dada wa kibanda cha miamala ambaye anajua nani katumiwa pesa na nani kutoka Johannesburg.

Njia nzuri ya kuwapata wote: uliza watu wa kaya tofauti, "Jirani akihamisha mpaka wa shamba lako, unaanza kwa nani? Asiposikia, unaenda kwa nani?" Andika mfuatano, usiandike majina tu. Vijana wakipita njia tofauti na wazee wao, au wanawake wakianzia kanisani na wanaume ofisini, mabadiliko unayoyatafuta yameanza kuonekana.

4. Kaa kwenye mkutano mkuu hadi mwisho

Hapa ndipo utafiti mwingi unapopatikana au kupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mkutano umetangazwa saa nne asubuhi. Utaanza saa saba. Fika saa nne. Yale masaa matatu ya kungoja ndiyo mkutano wa kwanza: watu wanapangana nani atasema nini. Chora kwenye daftari jinsi walivyokaa. Meza kuu yenye kitambaa, mwenyekiti, mtendaji, diwani kama amekuja, na mgeni wa kampuni aliyepewa kiti cha plastiki chenye mikono. Wazee kwenye mabenchi. Akina mama wametandika kanga upande wa kivuli. Vijana nyuma kabisa, wengine hawajashuka kwenye pikipiki. Fuatilia kama kuna anayebadili nafasi. Kijana anayeitwa mbele "aje akae na wazee" amepandishwa cheo mbele ya macho yako, na hakuna karatasi itakayoandika hivyo.

Ajenda unaijua: kufungua, kusoma muhtasari uliopita, yatokanayo, taarifa ya mapato na matumizi, na mengineyo. Mgeni huondoka baada ya mapato na matumizi akidhani ameona kila kitu. Kumbe "mengineyo" ndipo mtu husimama na kusema lile alilokuja nalo, mara nyingi kwa mafumbo, mara nyingi jua likiwa limeshaanza kushuka na nusu ya watu wameondoka. Andika nani alibaki.

Tazama pia jinsi uamuzi unavyopita. "Mmekubali?" "Tumekubaliii." Waliosema ni kina nani? Kuna kelele za kuridhia na kuna kelele za kutaka kwenda nyumbani kukamua ng'ombe. Tofauti utaijua ukishahudhuria mikutano kadhaa, na kwa utaratibu huitishwa kila robo mwaka, ndiyo maana nilikuambia utenge msimu.

Halafu daftari la mahudhurio. Linazungushwa mwanzoni, watu wanasaini bila kusoma. Baadaye orodha ile inaambatishwa kwenye muhtasari, na kwenye migogoro ya ardhi ndiyo karatasi inayoletwa kuonyesha kwamba kijiji kiliridhia. Omba kwa adabu kuona muhtasari ukishaandikwa, uulinganishe na daftari lako. Usipige kelele ukikuta tofauti. Iandike: kipi kimeachwa, kipi kimelainishwa, nani ametajwa kwa jina na nani amekuwa "mjumbe mmoja".

5. Fuata kitu kinakokwenda

Siasa za kijiji haziishii kwenye mpaka wa kijiji, kwa hiyo na wewe usiishie hapo. Chagua kitu kimoja ndani ya kisa chako ukifuate mbele na nyuma.

Tuchukue parachichi ya Hass. Mkulima wa Rungwe au Njombe anayetaka kuuza Ulaya hukutana na cheti cha GLOBALG.A.P., kanuni za kilimo zilizoanzishwa na maduka makubwa ya Ulaya mwaka 1997 kwa jina la EurepGAP, zikabadilishwa jina 2007. Mkulima mdogo hawezi kubeba gharama peke yake, hivyo wanasajiliwa kikundi. Kikundi kinatakiwa kiwe na rejesta ya wakulima, kumbukumbu za kupulizia dawa, stoo ya viuatilifu, choo karibu na shamba, na mkaguzi wa ndani anayepita shamba kwa shamba. Sasa jiulize: huyu mkaguzi wa ndani ni nani? Mara nyingi ni kijana aliyemaliza kidato cha nne, anayeandika vizuri na ana simu nzuri. Hakupigiwa kura na mkutano mkuu. Hata hivyo anaweza kumwondoa mzee kwenye rejesta msimu huu, na mzee akabaki na matunda anayomuuzia dalali kwa bei ya hasara. Mwenyekiti wa kijiji hana la kufanya, kanuni si zake. Mamlaka mapya yamezaliwa kijijini, na yamezaliwa na karatasi kutoka Ulaya.

Kwa hiyo nenda kituo cha kukusanyia matunda siku ya mavuno. Simama karibu na anayechambua. Tazama mkono wake: tunda linaangaliwa kikonyo, linapimwa ukubwa, linaingia kreti au linatupwa pembeni. Msikilize mkulima anapobisha na anajibiwa nini. "Si mimi, ni soko." Sentensi hiyo fupi iandike kila unapoisikia na umwandike aliyeisema, maana ndiyo lugha ambayo uamuzi hutumia kujificha. Kisha panda na mzigo hadi kiwanda cha kufungashia, zungumza na mwenye kitengo cha ubora, halafu na ofisi ya wilaya. Kazi ya kuwachunguza wenye nguvu ni ngumu kuliko ya kuwachunguza wakulima. Wana ratiba, wana katibu muhtasi, na wanajua kusema bila kusema. Usikate tamaa ya kuwafikia.

Uzi unaweza pia kukatika ghafla, na hapo unajifunza haraka. Machi 2025 Malawi ilizuia bidhaa kadhaa za nje, zikiwemo ndizi na mchele, na Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini kabla ya kulegeza siku chache baadaye. Kwa mfanyabiashara wa ndizi wa Busokelo, diplomasia ya nchi tatu iligeuka jambo la ndizi kuiva njiani. Nani alimpigia simu nani siku zile? Diwani, mbunge, au binamu aliyeko Karonga? Jibu linakuonyesha watu wanaamini serikali iko wapi.

Na Mbarali. Mwaka 2008 Hifadhi ya Ruaha ilipanuliwa kuingiza bonde la Usangu, na vijiji vikajikuta vimeingia ndani ya mipaka kwa tangazo la serikali namba 28. Kwa miaka mingi kisa kikaonekana ni cha wakulima na wafugaji dhidi ya hifadhi. Kisha ukaja mradi wa REGROW wa kukuza utalii wa kusini, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150 uliopitishwa 2017. Mwaka 2023 malalamiko ya wananchi wa huko yakafika kwa Jopo la Ukaguzi la benki hiyo Washington. Aprili 2024 utoaji wa fedha ukasimamishwa, na Novemba mwaka huo mradi ukafutwa. Ukichunguza Mbarali kwa kuhesabu mikutano ya hadhara peke yake, hutaona njia hii ya tatu ambayo wananchi waliipata, inayopita juu ya wilaya na mkoa. Hutaona pia waliotamani mradi uendelee kwa sababu ya ajira na barabara. Watafute hao pia.

6. Uliza ya zamani bila kuyapamba

Kosa la kawaida ni kugawa habari mbili: zamani kijiji kilikuwa peke yake, sasa dunia imeingia. Huku kwetu haishiki. Wamishenari wa Moravian walifika Rungwe 1891. Dhahabu ya Lupa, Chunya, ilikuwa inavuta vibarua hata Wilson wakiwa Unyakyusa, na vijana wengine walivuka hadi migodi ya shaba. TAZARA ilijengwa kwa mkopo wa China na kukabidhiwa 1976. Fuvu linalosemwa kuwa la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lilitajwa kwenye mkataba wa Versailles wa 1919, likarudi Kalenga 1954 tu. Swali lako basi liwe: safari hii dunia imepita mlango gani, na mlango ule anaulinda nani?

Wazee wa Iringa wakianza kuongelea Ismani, weka kalamu chini usikilize. Siku ya Krismasi 1971 Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa na mkulima Said Mwamwindi wakati wa mvutano wa ujamaa na mashamba makubwa ya mahindi. Miaka michache baadaye ikaja Operesheni Vijiji, ya kuhamishia watu kwenye vijiji vilivyopangwa. Kumbukumbu hizi bado zinafanya kazi: afisa akisema "tutapanga matumizi bora ya ardhi", kijana anasikia mradi, babu anasikia kuhamishwa. Ukiwahoji wote wawili siku moja bila kujua hili utadhani mmoja haelewi.

Kwa nyaraka, nenda Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, vitabu vya wilaya vya enzi ya Mwingereza vipo. Visome kwa mashaka yale yale unayosomea muhtasari wa kijiji.

7. Mahojiano

Salimia kwanza, na kwa lugha ya mahali ukiweza: "kamwene" Iringa na Njombe, "mugonile" asubuhi Rungwe, na shikamoo haijawahi kumkosea mzee popote. Mwite mama kwa jina la mtoto wake kama majirani wanavyomwita.

Usiulize "unaonaje utandawazi?" Utajibiwa hotuba. Uliza "mara ya mwisho ulipouza, ilikuwaje?" kisha "na mwaka ule ulipogoma kuuza?" Akina mama walionyamaza mkutanoni watazungumza shambani, kwa hiyo shika jembe au pukuchua mahindi nao. Kwenye kilabu cha ulanzi (pombe ya mianzi) sikiliza, usirekodi. Mtu aliyelewa hajatoa ridhaa. Kundi la WhatsApp la kijiji ni hivyo hivyo: kuongezwa kundini si ruhusa ya kunakili. Omba, na mtu akisema asitajwe, meseji yake usiitumie.

Uvumi usiutupe. Kama watu wanne wanasema mwekezaji ana shamba ambalo hana, habari ni ya uongo, lakini inakuambia ukweli kuhusu wanavyoona ardhi yao inavyoamuliwa.

8. Daftari

Andika jioni ile ile, ukurasa wa kushoto ulichoona na kusikia, wa kulia unachofikiri. Majina badilisha tangu siku ya kwanza na ufunguo wa majina uweke mbali na daftari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu na wewe. Jihadhari na maelezo yanayomfichua mtu bila jina: "mwenyekiti wa kikundi, mwanamke, mjane, mwalimu mstaafu" katika kijiji kimoja ni mtu mmoja tu.

9. Kusoma ulichokusanya

Panga kisa kwa tarehe, tukio baada ya tukio. Kila palipotolewa uamuzi, andika mambo matatu: uamuzi ulitamkwa wapi, ulifanyika kweli wapi, na aliyeumia alikwenda kulalamika wapi. Sehemu hizo tatu zikiwa ofisi moja, mamlaka hayajahama. Zikiwa mbalimbali (ulitamkwa mkutanoni, ulifanyika kwenye rejesta ya kikundi, malalamiko yamekwenda kwa mnunuzi Dar) una hoja.

Kisha tafuta kaya inayopinga hoja yako. Kama unadai vijana wamechukua mamlaka, mtafute kijana aliyeshindwa. Wilson walieleza Wanyakyusa waliojenga vijiji kwa marika, na sherehe ya ubusoka ambapo kizazi cha baba kilikabidhi uongozi kwa cha wana. Ni kishawishi kikubwa kusema bodaboda wa leo wanarudia yale yale. Huenda. Lakini usiliandike mpaka bodaboda wenyewe wakupe sababu, na usiseme "Wanyakyusa wako hivi" kwa kijiji kimoja ulichokaa.

10. Kurudisha

Kabla ya kuchapisha, rudi na muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, usome mbele ya waliokuhudumia, kwa makundi tofauti ikibidi, maana mbele ya mtendaji wengine hawatasahihisha kitu. Watakachobisha kiandike kama data mpya, si kama kero. Nakala moja iende ofisi ya kijiji, moja kwa kikundi, moja wilayani, na ripoti yako COSTECH kama kibali kinavyodai. Ile ya wilayani ipitie tena ukiwa na mtu wa kijijini unayemwamini, mkitoa kila aya inayoweza kumrudia aliyekuambia.